Vijana wa kufyeka, Mafinga: nyasi za mbali wamezimaliza, kuni za ukutani wameziacha

Walifika saa moja asubuhi, wanne kwa pikipiki mbili, sakitu bado imelala kwenye majani. "Kamwene mama." Nikaitikia, nikawapa chai na viazi vya kuchemsha, ndipo tukaongea bei ya kusafisha kuizunguka nyumba, kuikinga na moto wa porini. Walianza na laki moja na ishirini kwa siku mbili, tukaishia elfu tisini, chakula cha mchana juu yangu. Kwa watu wanne si bei ya kunung'unikia, na walikuja na vifaa vyao: mafyekeo, majembe, reki na solo moja, lile bomba la kupulizia la mgongoni, ambayo walisema ni ya maji ya tahadhari. Nilipoinusa ilikuwa na dawa ya viazi. Nikawaambia waioshe kwanza.

Nyumba yangu ipo nje kidogo ya mji, ya tofali za kuchoma na bati, na jiko la nje la mabanzi. Nyuma kuna ekari mbili za mipaina alizopanda marehemu mume wangu, ng'ambo ya bonde kuna mipaina ya watu, na ukiendelea kutembea unafika shamba la serikali la Sao Hill. Tumezungukwa na petroli yenye mizizi. Anayeishi huku kwetu Mufindi anaijua ratiba: sakitu ya Juni na Julai inaua nyasi, Agosti zinakauka, Septemba upepo unaanza, na kuanzia hapo hadi mvua za Novemba kila ukiona moshi unatoka nje kuangalia unaelekea wapi.

Barabara ya moto, yaani ule ukanda mtupu wa kuzuia moto usivuke, waliyonilimia nyuma ya nyumba sina neno nayo. Niliomba mita kumi, nikapima kwa hatua zangu nikapata kumi na mbili. Hawakufyeka tu na kuondoka. Walilima mpaka udongo mwekundu ukatoka, maana nyasi zilizofyekwa zikaachwa hapohapo moto unapita chini kwa chini kama nyoka. Mipaina ya mstari wa kwanza waliipogoa hadi pale mtu mrefu anapofika akinyoosha mkono, ili moto wa chini usipate pa kupandia. Mkubwa wao, kijana mmoja mkimya, alirudi mara mbili kwenye kisiki kilichooza akakichimbua chote. Alisema kisiki cha namna ile kinaweza kufuka siku tatu ukidhani kila kitu kimezimika. Nilimwongezea ugali.

Jioni ya siku ya pili wakaniita nikague. Nikazunguka nyumba, na hapo ndipo furaha ilipopungua.

Kuni zangu zilikuwa palepale, zimeegemea ukuta wa chumba cha kulala. Magunia matatu ya maranda ya kuwashia jikoni, palepale barazani. Gata limejaa sindano za mipaina tangu mwaka juzi, zimekauka kama tumbaku. Tena nyasi walizofyeka kule mbali walikuja kuzirundika nyuma ya jiko la mabanzi, hatua mbili kutoka kwenye simtenki. "Mama, kesho jioni tunazichoma, zinaisha." Upepo wa jioni! Na uongozi wa kijiji nani kawaambia? Nikawafanya wazibebe zote kwa toroli hadi shimo la mbolea. Walinuna, lakini walibeba.

Huenda mtu akasema nina maneno mengi kwa kazi ya elfu tisini. Miaka sita iliyopita nyumba ya jirani yangu iliungua wakati moto wenyewe tulishauzima ng'ambo ya barabara. Tulikuwa tumesimama na matawi mabichi mkononi, tunapongezana. Kumbe cheche imeruka juu ya vichwa vyetu, imetua kwenye banda la kuku lililoshikana na jiko. Tulipogeuka bati lilikuwa linalia.

Mwanangu wa mwisho anasomea misitu Morogoro, na nilipompigia simu kumlalamikia vijana hawa, alicheka. Akanieleza kuwa kosa lao ni la dunia nzima. California, kule Marekani, sheria inamtaka mwenye nyumba iliyo eneo la hatari asafishe futi 100 kuzunguka nyumba yake, karibu mita 30. Mwaka 2020 ndipo wakapitisha sheria ya kuongeza ukanda wa peke yake kwa futi 5 za mwanzo, mita moja na nusu kutoka ukutani, wakauita ukanda sifuri: humo kisikae kitu cha kushika cheche. Kanuni zilitakiwa ziwe tayari kufikia Januari 2023, zikachelewa. Januari 2025 moto wa Palisades na Eaton ukateketeza zaidi ya majengo 16,000 kule Los Angeles, na mwezi uliofuata gavana Gavin Newsom akaagiza ziharakishwe. Wenye nyumba wengine wakaja juu, hawataki kung'oa maua yao ya ukutani. Mwanangu anasema nyumba nyingi huwa haziliwi na ule ukuta wa moto unaouona unakuja. Zinawashwa na cheche zilizotangulia, zikakuta majani makavu kwenye gata, kuni pembeni, au tundu kati ya bati na ukuta zikaingia darini.

Kwa hiyo nilimwita yule mkimya peke yake Jumanne, nikamlipa elfu kumi na tano. Gata likasafishwa. Maranda yakahamia kwenye kibanda cha chini. Matundu ya chini ya bati tumeziba kwa wavu wa chuma, si ule wa kuku, ule mdogo wa kuchekechea mchanga. Kuzunguka ukuta wote tumemwaga kokoto upana wa hatua mbili, na kuku wamechukia. Namba ya zimamoto, 114, nimeiandika kwa mkaa nyuma ya mlango.

Nyota tatu kati ya tano. Kwa barabara ya moto wachukue bila wasiwasi, ila uwasimamie, na uwaambie mapema waanzie ukutani kwenda nje, kwa sababu wenyewe wanaanzia porini na wakifika nyumbani wamechoka. Bei ya gata na kuni mpatane kabla, la sivyo watakwambia hiyo ni kazi nyingine.

Kimebaki kitu kimoja. Dirishani kwangu kuna msaiprasi alioupanda mume wangu mwaka tuliohamia, tunaupamba kila Krismasi, na kwa kipimo cha California umo ndani ya ukanda kabisa, tena nao una mafuta. Kijana aliuangalia, akaniangalia, akauliza kama aukate. Nilimwambia aanze na kuni.