Dume la kondoo wa Dorper lenye makaratasi, nawapa nyota tatu
Nilinunua dume kupitia chama kimoja cha wafugaji hapa Nairobi na kusema ukweli rekodi zao ziko sawa, hereni iko sikioni, baba na mama wameandikwa, uzito wa kuzaliwa mpaka wa kuachishwa uko, na mkaguzi alifungua mdomo akacheki meno, akapapasa makende (dume mwenyewe alinuna kweli) ndio akapitisha. Shida ni minyoo. Dorper alitoka Afrika Kusini, mchanganyiko wa kondoo wa Dorset Horn na Blackhead Persian, mvua ikizidi minyoo inamfanya avimbe taya na Red Maasai wangu, kondoo wa kienyeji, wako tu wanakula nyasi. Sasa chama kinapima mayai ya minyoo kwa kinyesi kabla ya kuchagua madume, poa sana, lakini kungoja cheti miezi minne jamani?