Mtwara–Dar siti za mbele: walimkataza mama korosho zake

Kama unatafuta upana wa siti au kilo za begi, tovuti ya shirika la ndege inayo hayo yote, kasome huko. Mimi nina jambo moja tu, na bado linanikaba koo kila nikilikumbuka. Mama yangu mzazi alikatazwa kula korosho zake ndani ya ndege iliyotoka Mtwara. Mtwara, jamani! Siyo Arusha, siyo Mwanza. Ni kama kumkataza mtu wa Pemba kunusa karafuu.

Nieleze kwanza kwa nini tulikaa huko mbele, maana wa kunisema hawakosekani. Mama ana magoti, na macho nayo yalikuwa yameanza ukungu, tukapata miadi ya kliniki Dar. Basi kwake limeshakuwa adhabu. Ni zaidi ya kilomita 550, unaondoka giza, unafika umekauka, na tangu mvua za kimbunga Hidaya mwaka 2024 zilipokata barabara upande wa Kilwa, mama akisikia tu jina la Somanga anashika kiuno. Tukasema tupande ndege. Sasa ulikuwa msimu wa minada ya korosho, ndege zimejaa wanunuzi na watu wa benki, siti za kawaida hakuna hata ya dawa. Zilizobaki ni za biznesi. Nikameza mate, nikalipa. Bei siitaji, mume wangu naye anajua kusoma.

Mwanzo sikuwa na neno. Tulipokaa tu tukaletewa juisi ya embe kwenye bilauri ndogo, baridi inayostahili, mama akanywa yote akaniuliza kama ya pili inalipiwa. Vikaja vitambaa vya kujifutia, walivyoviita vya moto. Vilikuwa vuguvugu. Mama akajifuta uso, shingo, viganja, akakikunja chake vizuri akakitia kwenye pochi. Dada mhudumu akarudi kukidai. Nilicheka, sikuona ubaya. Na siti, haki yake tuisemee, ilikuwa na nafasi, mama alinyoosha miguu yote miwili bila kuguna. Kwa hiyo mpaka ndege inaacha ardhi, nilikuwa nimeshawapa nyota nne moyoni.

Tatizo lilianza na trei.

Najua safari yenyewe ni fupi. Ni saa moja hivi angani, na ukitoa muda wa kupanda na wa kushuka, ambapo wahudumu nao wamejifunga mikanda, inabaki nusu saa au pungufu ya kugawa, kulisha na kukusanya. Sikutarajia pilau. Najua pia kwamba kwenye safari fupi chakula cha safari ya kurudi mara nyingi hupakiwa kulekule ndege inakotoka, yaani sandwichi niliyopewa ilikuwa imeondoka Dar, ikaja Mtwara, ikageuza na ndege bila hata kushuka kuiona bahari. Na ilionyesha. Mkate ulikuwa umejikunja pembeni, kuku ndani ana baridi ya jokofu, na jani moja la saladi lililokwishakata tamaa. Pembeni vipande vya tikiti, keki ya mraba, maji, na kipakiti cha korosho.

Nikakichukua kile kipakiti. Nikavaa miwani. Kimefungashwa nje ya nchi! Sitaji nchi, lakini anayeijua biashara hii anajua kwamba korosho zetu nyingi huondoka ghafi, na magunia yake, zikabanguliwe India na Vietnam. Inataka kilo nne mpaka tano za korosho zenye ganda upate kilo moja ya punje, na faida yote inakaa kwenye huko kubangua. Mama analima hekari chache kule Newala. Anakumbuka mwaka 2018, serikali ilipotangaza kununua kwa shilingi 3,300 kilo, jinsi wanakijiji walivyokuwa wakilala na redio sikioni. Huyo ndiye aliyeletewa kipakiti. Nilikifungua nikahesabu: punje kumi na moja. Mbili zimevunjika. Laini, hazina hata mlio mdomoni.

Mama akaonja moja. Akatafuna polepole, akanitazama.

"Hizi zimeugua?"

Akainama, akatoa kwenye mkoba wake kopo la aiskrimu, yale ya plastiki yenye kifuniko, tunayotunzia kila kitu isipokuwa aiskrimu. Ndani zake mwenyewe, amezikaanga siku mbili kabla. Asiyejua kazi hiyo nimwambie. Unazichoma na ganda lake mpaka mafuta yanashika moto na moshi unakutoa machozi, unazimwagia mchanga au majivu, halafu unagonga moja moja. Mafuta yale ya ganda yanababua ngozi. Ncha za vidole vya mama, gumba na cha shahada, ni nyeusi na ngumu tangu nimepata akili, hazitoki kwa sabuni wala kwa limau. Alipofungua kile kifuniko harufu ikatoka, ile ya kuungua kidogo na chumvi, na nikaona vichwa viwili vitatu mbele huko vinageuka. Kwa tamaa, siyo kwa kero.

Hapo ndipo yule dada akaja. Yuleyule wa kitambaa. Umri wake wa kuwa mjukuu kabisa. Hakuinama. Hakuamkia. Kumbuka tangu tumepanda hakuwa amemwamkia mama, nilikuwa nimelimeza hilo nikasema labda ni haraka za kazi. Akasimama juu ya kichwa cha mama, akanyoosha kidole kwenye kopo:

"Mama, hiyo hapana. Huku mbele hatuli vya nje."

Mama akadhani hajasikia vizuri. Akauliza, "Kwani zina nini, binti?"

"Ni utaratibu, mama. Funika. Tumeshawapa za kwetu."

Za kwetu! Nilihisi damu imenipanda masikioni.

Sasa, angesema kuna abiria ana mzio wa korosho na karanga, ningefunika mimi mwenyewe kwa mikono miwili. Mzio huo upo, unaua, na mashirika mengine ya ndege yameacha kabisa kugawa vitu hivyo kwa sababu hiyo. Lakini wewe umetoka kugawa vipakiti vya korosho siti kwa siti, mzio gani huo unaochagua kopo la mama yangu? Nikamuuliza hivyohivyo. Akajibu kwamba ni suala la hadhi ya daraja. Hadhi! Kutoka pale nilipokaa, pazia lilikuwa halijafungwa sawasawa, nikiangalia nyuma naona watu wanakula. Kuna mtu ana karanga za kwenye gazeti, kuna mama anampa mtoto muhogo, na korosho zilikuwa zikipita mkono hadi mkono tangu pale tunasubiri kupanda. Hakuna aliyeambiwa funika. Kumbe nimelipa karibu mara mbili ili nipate haki ya kunyang'anywa ninachokula bure siti za nyuma.

Mama akafanya jambo ambalo mimi nisingelifanya. Alilisogeza kopo kwa yule dada, akamwambia, "Chukua mwanangu, labda hujala toka asubuhi." Bila kejeli. Nawaapia, mama hana kejeli, alimaanisha. Dada akasema hawapokei chakula cha abiria, akageuka. Mama akafunika kopo. Akaliweka mapajani, akalishika kwa mikono miwili. Akatazama dirishani, na macho yenyewe ndiyo hayo tunayapeleka kutibiwa, sijui alikuwa anaona nini.

Nikataka chai. Nilihitaji kitu cha kushika nisiseme neno la aibu. Ikaja kikombe cha maji ya kuoshea uso na kipakiti cha majani. Kuna wa kunieleza kwamba angani maji yanachemka mapema, na ni kweli: hewa ya ndani huwekwa kama ya mtu aliye mlimani, inaweza kufika ya mita 2,000 na zaidi, na huko maji hutokota kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100. Ulimi nao juu huko unapoteza ladha ya chumvi na ya sukari, ndiyo maana vyakula vya ndege huonekana vimedoda. Sawa. Mita 2,000 ni Njombe. Nenda Njombe ukaniambie kama hawanywi chai ya maana. Pale Nangurukuru basi likisimama, mama ntilie anakutilia chai ya tangawizi inayounguza midomo kabla hujamaliza kukaa, na anakuita mama, na ukitoa kiporo chako mkobani anakuuliza nikupashie?

Nilikuwa nimeshaamua. Nyota moja, na hiyo moja ni ya rubani.

Halafu akaja kijana. Sijui alikuwa wapi muda wote, nadhani nyuma. Alikuja kukusanya trei, akaona mama hajagusa sandwichi. Akachuchumaa pale kwenye njia, magoti chini kabisa, akasema, "Shikamoo bibi." Mama akageuka kama ameitwa na mtu wa nyumbani. "Marahaba mjukuu wangu." Akamuuliza mbona hajala, anaumwa? Akaliona kopo. "Bibi, hizo umekaanga mwenyewe?" Na mama, mbele ya macho yangu, akafungua kifuniko. Kijana akatazama huku na huku, akachukua mbili, akazitia mdomoni akiwa bado amechuchumaa, akafumba macho. Akasema ya kwao ni Tandahimba. Basi! Wakaanza: mnada umefunguliwa kwa bei gani, salfa ya kupulizia mikorosho imefika mapema au imechelewa, mvua imeharibu maua au la. Mzee mmoja wa suti aliyekuwa nyuma yetu na kompyuta yake akashindwa, akanyoosha mkono, "Mama, na mimi nisaidie." Mama akamjazia kiganja. Mpaka taa ya mikanda inawaka, nusu ya watu wa hadhi walikuwa wanatafuna korosho za Newala, na yule dada amesimama kule mbele akipanga bilauri kwa kelele isiyo ya lazima.

Kwa hiyo niwape nini? Kwa kijana yule, tano, na kama kuna anayejua wakubwa wake awaambie wampandishe cheo. Kwa siti, nne. Kwa chakula, sijui, nusu, kwa ajili ya juisi. Nikitulia najiambia tatu ni haki, kosa ni la mtu mmoja siku moja, pengine alikuwa na msiba, pengine kiatu kilimbana. Halafu namkumbuka mama ameshika kopo mapajani kama mtoto aliyekaripiwa shuleni, na ile tatu inanitoka mkononi. Moja. Hapana, mbili, kwa sababu ya magoti ya mama, yalifika Dar yakiwa mazima. Lakini kwa bei ile? Moja.

Na wasiniambie ni ndege, siyo hoteli. Mikoa yote ya kusini inanuka korosho kuanzia Oktoba, viwanda vidogo vya kubangua vipo, akina mama wa vikundi wanafungasha pakiti nzuri zenye nembo, unazikuta mpaka kwenye maduka ya Mtwara mjini. Kununua pakiti hamsini pale pale ndege inapogeuzia kunahitaji akili ya wapi? Wangeanza kwa hilo ningewasamehe hata ile sandwichi.

Tulipotua nilikwenda kwenye meza yao. Dada wa pale alikuwa mpole, alimwamkia mama, akanipa karatasi niandike, akaniambia ni vizuri zaidi nitume barua pepe ili ifike kwa wahusika. Nikatuma. Ikarudi shukrani kwa kuwachagua. Nikatuma tena, nikaeleza kwa kirefu, nikaomba walau nirudishiwe tofauti ya nauli. Baada ya muda, wiki kadhaa, wakajibu kwamba kwa kuwa mlo ulitolewa kamili kulingana na daraja, suala hilo wanalihesabu limekwisha, na kwamba abiria wanakumbushwa kutokula vyakula vyenye harufu kali.

Harufu kali. Mama nimemsomea. Ameniambia nisiwajibu, ila siku ya kurudi kliniki nimkatie siti ya nyuma, na nimtafutie kopo kubwa zaidi.