Daftari la kuandikia chakula na mazoezi: usinunue linalojifunga

Januari nilitoa shilingi 18,000 hapa Moshi mjini kwa "daftari la afya": jalada gumu, utepe mwekundu, vibandiko vya matunda. Siku ya tatu niko jikoni namenya ndizi za mtori, vidole vimejaa utomvu, nataka kuandika kijiko cha mafuta nilichotia. Nafungua, linajifunga. Nafungua tena, linajifunga. Nikaligandamiza kwa sufuria. Asubuhi lina duara la masizi, gundi ya mgongo imeachia, na utomvu, kama mnavyoujua, umeshakuwa mweusi.

Kwa hiyo rangi na ukubwa mtajijua wenyewe. Mimi nauliza moja tu: ukilifungua katikati ukaliacha mezani, linalala? Maana usipoandika palepale, jioni utakumbuka ugali na mchicha, utasahau andazi la saa nne na kile kijiko cha mafuta. Kijiko kikubwa kimoja ni gramu 14 hivi, kalori kama 120. Mwaka 2008 watafiti wa Kaiser Permanente, shirika la afya kule Marekani, walifuatilia watu karibu 1,700. Walioandika chakula kila siku walipungua uzito mara mbili ya wasioandika kabisa.

Namba moja kwangu ni kaunta buku la kampuni ya Kartasi, lile nene la kwaya (quire) 2. Ndiyo, nalipendelea, sifichi. Langu limeshonwa kwa uzi, nikalikunja mgongo mara mbili tatu, sasa linalala kama mkeka. Kurasa 192, ukurasa kwa siku, miezi sita na ushee. Piga mistari kwa rula: saa, chakula, kiasi, mwendo. Kwenye mwendo wangu utakuta "Msitu wa Rau, dakika 50", na siku nyingine "mvua" tu.

La springi ni la pili. Kwa kulala hakuna linaloligusa, ila lina dhambi yake: ukurasa wa Jumapili ya mbege na nyama choma unachanika bila alama. Nilichana minne. Kwenye la kushona ukichana mmoja, mwenzake upande wa pili anang'oka, unaumbuka.

Programu ya simu ni ya tatu. MyFitnessPal ni nzuri kwa vitu vya pakiti, lakini andika "kiburu", ndizi zetu za maharage, uone. Simu ibaki kunihesabia hatua tu.

Madaftari ya shule ya bei chee yanatosha mwezi. Basi.

Lakini wauzaji jamani! Kila daftari limevalishwa nailoni. Nikaomba nione mshono tu, kijana akanijibu, "Mama, ukichana umenunua." Nikamwomba achane yeye. Akaangalia pembeni, akaanza kumhudumia mteja wa gundi.