TAHADHARI: Dalali wa "safari ya picha za simba" Saadani anakula pesa za watu

Ndugu zangu wapiga picha wa Bagamoyo, Pangani na Tanga, someni hili kabla hamjatuma hata shilingi.

Kuna kijana anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp akiuza safari ya siku moja Hifadhi ya Taifa ya Saadani, kupiga picha za simba, chui na duma. Laki mbili na themanini kwa kichwa: gari la kufunguka paa, mwongozaji, viingilio na chakula cha mchana. Anaandika "simba uhakika, usipomuona pesa inarudi." Mimi napiga picha za harusi hapa Bagamoyo, na simba wa porini nimemtamani miaka mingi. Nikalipa na vijana wangu wawili wa studio, jumla 840,000. Wale vijana walidunduliza miezi mitatu. Lenzi ndefu nikaenda kuikodi Dar.

Siku yenyewe, saa kumi na moja alfajiri, ikaja Noah ya kawaida. Dereva alikodiwa usiku wa jana yake, habari za mwongozaji hana, chakula hana, mafuta kapewa nusu. Nikampigia dalali. "Bosi, tangulieni, mwongozaji yuko getini." Tangu hapo simu yake haipatikani.

Getini nikaonyesha risiti aliyonitumia. Askari wa hifadhi akaingiza ile namba, akakaa kimya kidogo, akasema kwa upole, "Kaka, hii ililipwa mwezi uliopita, na jina si lako." Ilikuwa risiti ya watu wengine, jina limefutwa likabandikwa langu. Miguu iliniisha nguvu. Tulilipia upya pale pale kwa simu zetu, maana kurudi mikono mitupu mbele ya wale vijana nisingeweza.

Yule askari nikamwonyesha na tangazo. Duma yuko juu ya jabali, nyuma yake nyika ya majani mafupi mpaka upeo wa macho. "Hapa si kwetu," akasema. Na ni kweli, ningefungua macho ningeona mwenyewe: Saadani ni vichaka, mivumo, Mto Wami, udongo mweusi unaonasa magari, na bahari pembeni. Picha ile ni ya Serengeti au nyika za namna hiyo. Simba na chui Saadani wapo, ila si wengi na majani ni marefu. Unaweza kuzunguka kutwa usione hata mkia. Hakuna mtu wa kukuuzia simba wa uhakika.

Sisi tuliona twiga, kuro, na nyayo za simba kwenye matope, kubwa kuliko kiganja changu. Askari akatuonyesha kwamba hazina alama za kucha, kwa sababu simba huzificha akitembea. Za duma kucha huonekana. Picha ya nyayo zile za simba ndiyo niliyorudi nayo.

Anayekuuzia safari, mwombe leseni ya biashara ya utalii, ile ya TALA inayotolewa na Wizara ya Maliasili na Utalii. Huyu nilipomuuliza alisema "ipo ofisini" nami nikaridhika, kosa langu. Kiingilio cha TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, tarakimu 12 zinazoanza na 99. Akutumie namba hiyo ulipe mwenyewe, ujumbe wa malipo uingie kwenye simu yako. Akisema "nitumie mimi nitakulipia," kata simu. Na akikuahidi kukushusha garini umsogelee simba, huyo atakuua.

Laini yake nimeiripoti 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, na RB, yaani namba ya taarifa niliyopewa polisi, ninayo. Kama na wewe ulimlipa, usifute ujumbe wa muamala, nenda nao polisi ukafungue jalada lako. Na wewe dada wa Tanga uliyeniuliza jana kuhusu safari yake ya Jumamosi: usitume hiyo pesa.