Programu ya kufuatilia dawa hospitalini: pua kali, mdomo mzito

Nyota 3 kwa 5, na hiyo ya tatu nimeitoa kwa roho safi tu. Jina lake silitaji kwa sababu bado nakula mshahara palepale inapotumika, ila nyie mlioko kwenye famasia za hospitali huku Marekani mtaijua kwa tabia zake, maana hizi programu zote zimekaa hivihivi.

Kazi yake ni kunasa wafanyakazi wanaoiba dawa: inavuta kumbukumbu za kabati la dawa la kielektroniki, lile ambalo nesi anaweka kidole ndo droo inafunguka, halafu inalinganisha na alichoandika kwenye faili la mgonjwa. Mfano nesi katoa haidromofoni (dawa kali ya maumivu, inalevya) miligramu 2, oda ya daktari ni 0.5, sasa hizo 1.5 zilizobaki zimemwagwa saa ngapi na nani kashuhudia? Zamani tulikuwa tunaprinti ripoti tunapiga mistari kwa kalamu ya rangi mpaka macho yanauma, na tulichokuwa tunaangalia ni nani katoa nyingi kuliko wenzake mwezi huu, basi. Mwizi anayejua kazi hatoi nyingi. Anatoa kiasi cha kawaida, anamwandikia mgonjwa kwamba kapewa, na mgonjwa anabaki kulalamika maumivu usiku kucha huku faili linasema kachomwa sindano.

Hapo programu imetubeba kweli, sina ubishi. Inaona shahidi wa kumwaga mabaki ni mtu yuleyule kila zamu, inaona dawa iliyotolewa kwa jina la mgonjwa aliyesharuhusiwa kwenda nyumbani, inaona mtu anayefungua droo halafu anakansel, anafungua, anakansel, wakati hesabu ya droo baadaye inapungua. Kwa jicho la mtu huwezi kuyashika yote haya, hata ukikaa nayo siku nzima.

Inapochemka ni kwenye makundi ya kulinganisha nesi na wenzake. Nesi wa wagonjwa walioungua moto akiazimwa wodi ya kawaida anawaka nyekundu siku hiyohiyo, wakati kazi yake siku zote ni ya fentanili na mofini nyingi, nazo dawa kali za maumivu. Ukianza kumhoji mtu safi kwa sababu ya rangi ya skrini unaharibu kazi yake na jina lake, kwa hiyo lazima mfamasia akae asome kila tukio kabla ya kufungua mdomo. Wauzaji hawakuambii hili wakati wa demo, demo yao siku zote mwizi ni mmoja na anaonekana waziwazi.

Sasa niseme kilichokula nyota mbili. Tahadhari ikishatoka inaingia kwenye ukurasa wa "inachunguzwa", na humo inaweza kukaa mpaka mkachoka nayo. Hakuna saa inayohesabu, hakuna kitu kinachokuuliza umeshatoa taarifa au bado. Na sheria ya huku haisubiri uchunguzi uishe jamani! Wizi wa dawa inayodhibitiwa, au upotevu mkubwa, unatakiwa kuijulisha ofisi ya eneo lako ya DEA, shirika la serikali ya Marekani linalosimamia dawa hizo, kwa maandishi ndani ya siku moja ya kazi tangu ugundue. Halafu Fomu 106, ile ya kuripoti wizi au upotevu wa dawa, inafuata, na tangu Julai 2023 inajazwa mtandaoni tu, ndani ya siku 45. Wengi wanachanganya hivi vitu viwili, wanadhani zile 45 ndo muda wao wote. Tena neno "mkubwa" linahusu upotevu, wizi hauna udogo, hata kidonge kimoja kikiibiwa kinaripotiwa. Chupa iliyovunjika ni habari nyingine, hiyo haihesabiwi kuwa upotevu. Programu ya bei ile ilishindwa nini kuniwekea maswali matatu kwenye skrini: ni wizi, ni upotevu mkubwa, au ni kuvunjika tu?

Kitu kingine, kanuni inamtaka mfanyakazi yeyote anayejua mwenzake anachepusha dawa, yaani anaziiba kazini, amwambie mhusika wa usalama wa mwajiri wake, na mwajiri ana wajibu wa kuitunza siri hiyo. Kwenye programu hii nesi wa kawaida hana hata pa kuandikia. Anabaki na barua pepe kwa meneja wake, na meneja mwenyewe huenda ndo rafiki wa mtuhumiwa.

Mtu akiniambia nakuza mambo namwambia akasome kesi ya David Kwiatkowski. Fundi wa maabara ya moyo, anahama jimbo hadi jimbo, anajidunga fentanili ya wagonjwa na sindano zilezile zinarudi kwa wagonjwa zikiwa na maji ya chumvi, na yeye ana homa ya ini C. Wameambukizwa zaidi ya watu 40. Alishafukuzwa sehemu kwa mambo hayahaya kabla ya kufika New Hampshire, ila taarifa hazikumfuata, akaajiriwa tena, akakamatwa 2012, na mwaka uliofuata akapigwa miaka 39 jela. Na kwa wale wanaoelewa lugha ya pesa tu, Massachusetts General Hospital walilipa dola milioni 2.3 mwaka 2015 baada ya manesi wawili kuondoka na karibu vidonge 16,000, vingi oksikodoni, nayo dawa ya maumivu inayolevya.

Huduma kwa wateja ni nzuri, nikipiga simu wanapokea na wanajua wanachoongea, nisiwaonee. Nimewaomba waweke saa ya kuhesabu siku moja ya kazi na sehemu ya kuandika taarifa za bodi ya famasia na bodi ya manesi, kwa kuwa kila jimbo lina masharti yake. Jibu: "ipo kwenye mipango." Kwa sasa hizo tarehe naziandika mwenyewe kwenye Excel, na kama mnakwenda kwenye demo yao muulizeni hilo la saa kabla hamjaonyeshwa zile grafu za rangi.