Miezi minane na OpenBSD: mashine yangu ilipokariri maneno ya asubuhi

Nina duka dogo la uchapaji Langoni, hapa Amu. Mashine ya kazi ni ThinkPad ya mtumba niliyoinunua Mombasa. Betri yake ilikufa zamani, inategemea chaja tu. Mpwa wangu ndiye aliyeiwekea OpenBSD, mfumo endeshi wa bure. "Mjomba, hii haina mbwembwe, lakini haitakusumbua," akaniambia. Nembo yake ni samaki bunju. Nikacheka, maana huku kwetu bunju akiingia wavuni hurudishwa baharini, sumu yake haina mchezo.

Kwa kazi za kila siku sina lalamiko. Barua, mikataba, fomu za watoto wa shule, vyote vinakwenda. Toleo jipya hutoka kila baada ya miezi sita hivi, na kulisasisha ni amri moja. Lakini siku moja ilinitoa jasho, na ndiyo hasa iliyonifanya niandike.

Asubuhi hiyo mteja alileta diski ya nje ili nimchapie picha. Diski ilikuwa mahututi. Niliandika dmesg, amri ya kuonyesha ujumbe wa mfumo, na skrini ikajaa mistari ya sd1, jina mashine ililoipa diski ile, ikilia "SENSE KEY: Media Error", yaani diski imeharibika. Nikaichomoa, nikamrudishia mwenyewe, akaenda zake. Saa sita nikaweka viraka vya usalama kwa syspatch na kuiwasha mashine upya kwa reboot. Nikaandika dmesg tena. Sd1 bado inalia! Diski iko nyumbani kwa mwenyewe, mashine yangu inailalamikia.

Baadaye umeme ukakatika, ule wa kufumba na kufumbua. Nikabonyeza kitufe kabla hata feni haijanyamaza. Safari hii mistari ilikuwa ileile, ila imeliwa: herufi zimegeuka alama za ajabu, neno linaanza vizuri halafu katikati linakuwa takataka. Nikasema basi, nimeingiliwa, au mashine inakufa.

Nikaibeba kwa fundi mmoja. Aliitazama kwa dakika moja, akasema RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine, imeliwa na chumvi ya bahari, inataka kubadilishwa. Chumvi ya bahari hapa kwetu husingiziwa kila kitu. Nilikuwa nishatia mkono mfukoni, nikaona kwanza nimtumie mpwa wangu picha ya skrini.

Akanipigia huku anacheka. "Mjomba, hesabu mstari wa Copyright wenye 1982."

Nikahesabu: mitatu. Ule ndio mstari ambao kerneli, kiini cha mfumo, hufungulia maneno yake kila inapowaka. Mitatu maana yake ni kuwaka mara tatu, kumeandikwa kwa kufuatana bila tarehe wala saa. Nilikuwa nasoma mambo ya asubuhi nikidhani ni ya sasa.

Alivyonieleza ni hivi. Kerneli ina sehemu yake ndani ya RAM ya kuwekea ujumbe. Inapowaka hutazama kama pale pana alama yake. Ikiikuta, na ukubwa wa sehemu ni uleule, haifuti kitu, inaendelea kuandika chini ya yaliyopo. Ukitumia reboot, kwa kawaida RAM haikatiwi umeme, kwa hiyo ya zamani yanabaki. Wamefanya hivyo makusudi: kerneli ikianguka ghafla, ukiiwasha upya unaweza kukuta maneno yake ya mwisho. Hapo nikawavulia kofia.

Na zile takataka? RAM ikikatiwa umeme haisahau papo hapo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walionyesha mwaka 2008 kwamba yaliyomo huweza kubaki sekunde kadhaa hata dakika, hasa chipu zikipozwa. Joto la Amu halipozi kitu, lakini kidole changu kilikuwa cha haraka. Alama ya kerneli ikapona, baadhi ya herufi zikaoza.

Sikumwamini kwa maneno matupu. Niliandika halt -p, amri ya kuzima kabisa, nikachomoa chaja, nikaenda kuswali alasiri. Niliporudi nikaiwasha: mstari wa Copyright wa 1982 mmoja tu, sd1 hakuna, herufi zote safi. Usiku nikaiacha na Memtest86+, programu ya kupima RAM, mpaka asubuhi. Haikupata kosa hata moja. Fundi sijamrudia, na hela ya RAM nimenunulia wino.

Siku hizi nikifungua dmesg nashuka mpaka Copyright ya mwisho na kusoma kuanzia hapo. Nikitaka kujua jambo lilitokea saa ngapi, nafungua faili la kumbukumbu /var/log/messages, mle kila mstari una tarehe na saa yake. Angalizo moja: ukiona takataka chini ya Copyright ya mwisho, au zinarudi hata baada ya kuzima kabisa na kusubiri, hilo si masalio tena. Hapo kagua RAM kweli.

Naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu dmesg ingeweza kuchora japo mstari mmoja kati ya kuwaka kwa zamani na kwa sasa, na ingeniepusha na safari ya kwa fundi, jua la saa nane, laptopu kwapani, napishana na punda waliobeba mchanga.