Seti ya roketi kubwa ya mota tatu: mwili nimeupenda, ukurasa wa waya hapana

Hii ni seti ya kujenga mwenyewe roketi ya mfano na kuirusha uwanjani. Hukumu kwanza, asiyetaka kusoma yote aondoke nayo: seti ni nzuri, nunua, nyota nne kwangu, ila usije ukairusha kwa kutegemea kijitabu chao peke yake maana ule ukurasa wa kuwasha umeandikwa kana kwamba chini kuna mota moja. Jina la kampuni naliacha, seti za namna hii zinafanana sana na mengi ya hapa utayakuta hata kwenye ya jirani.

Yenyewe ni ile roketi ya wanaoanza tunayoijua wote, bomba nene fupi la karatasi, pua ya mviringo, mapezi manne makubwa, wamechukua kila kipimo wakazidisha mara mbili. Sasa watu wanasikia mara mbili wanadhani na uzito ni mara mbili, thubutu. Eneo la nje linakuwa mara nne, ujazo mara nane, na uzito unaangukia humo katikati kutegemea unene wa bomba na wewe unavyomwaga gundi. Yangu ikiwa imepakwa rangi na mota zimo ndani inacheza kwenye gramu 600. Mota moja ya kundi la D (herufi nazieleza hapo chini) haina ubavu wa kuinyanyua hiyo salama, ndo maana kule nyuma kuna matundu matatu ya milimita 24.

Kwa mgeni wa haya mambo: nimetumia D12-5 tatu. Herufi ni kundi la nguvu, kila herufi inaishia mara mbili ya iliyotangulia, C mwisho nyutoni-sekunde 10 (msukumo mara muda unaodumu), D mwisho 20. Ile 12 ni wastani wa msukumo kwa nyutoni, na 5 ni sekunde inazosubiri ikishaungua kabla haijapuliza parachuti nje. Ukijumlisha tatu unapata kama nyutoni-sekunde 50, yani umeshaingia kwenye F bila kununua F. Na hapa kijitabu kimenikera, kinasema kaa mita 5, wakati kanuni za NAR, chama cha warusha roketi za mfano cha Marekani, ziko wazi kwamba ukivuka D unarudi mita 9. Sio ubishi wa kitaalamu huo, mota tatu zinavyotema moto pale chini utaona mwenyewe.

Kujenga ni raha. Ringi za plaiwudi zinazoshika mabomba ya mota zimekatwa kwa leza, zinaingia kwenye bomba bila kulazimishwa wala kulegea, na mapezi yanapenya ukuta wa bomba mpaka yanagusa mabomba ya mota huko ndani, kwa hiyo gundi inashika sehemu mbili na pezi haling'oki ovyo. Gundi ya mbao inatosha kabisa karibu kila mahali, epoksi weka nyuma tu kwenye joto. Balsa ya mapezi, ule mti mwepesi, ni laini kidogo kwa ukubwa huu, ipake gundi nyepesi piga msasa rudia, au ukate mapya ya plaiwudi, ila ukifanya hivyo uzito unaongezeka nyuma na itabidi uongeze udongo kwenye pua. Udongo wenyewe wameweka kwenye seti, nawapa hongera, maana mota tatu zinavuta mizani nyuma na roketi inatakiwa mizani yake iwe mbele ya kitovu cha hewa (pale msukumo wa upepo unapojikusanya) kwa angalau upana mmoja wa bomba, la sivyo inapindukia hewani.

Kitu kimoja ambacho hawajasema na ni kikubwa: ukiweka mabomba matatu ya mota pamoja katikati panabaki uwazi wa pembetatu. Usipouziba, ile gesi ya kusukuma parachuti inatorokea huko huko nyuma, pua haifunguki, roketi inarudi chini kichwa mbele. Ziba kwa tishu iliyolowa gundi au epoksi kidogo, dakika mbili kazi imeisha. Hiyo ilistahili ukurasa mzima wenye picha, wao wametoa ukurasa mzima kueleza jinsi ya kubandika stika jamani.

Haya tuje kwenye kuwasha, maana roketi ya mota nyingi ushindi wake uko hapa. Viwashio vitatu, vile viwaya vya umeme vinavyowasha mota, lazima viungwe sambamba, kila kimoja moja kwa moja kwenye betri, sio mfululizo, kwa sababu kwenye mfululizo cha kwanza kikikatika umeme umekufa na vingine vinabaki vimelala. Kiwashio kimoja kinataka kama ampea 2, tatu ni ampea 6 kwa mpigo, sasa kile kidhibiti cha betri nne za AA wanachokionyesha kwenye picha kitatoa wapi? Tumia betri ya volti 12, waya nene, klipu zilizosuguliwa msasa, na upime kila kiwashio kwa mita kabla hujakipachika. Kikikaa vibaya, hata kama hakijaguswa na baruti kwa milimita moja tu, mota hiyo haiwaki.

Na isipowaka moja? Mbili zinaipandisha, maana D12 mwanzoni inafika karibu nyutoni 30, ila roketi inalalia upande wa ile iliyozima. Ikiwaka moja tu ni hatari, itaachana taratibu na fimbo inayoiongoza mwanzoni na kwenda inakotaka. Saturn I mwaka 1964 ilizima injini moja kati ya nane ikiwa njiani na bado ikafika kwenye obiti, lakini ile ilikuwa na kompyuta ya kuigeuzia usukani, hii ya kwetu ina mapezi tu na dua. Kwa hiyo watazamaji wakae mbali na upepo uwe mdogo.

Zikiwaka zote tatu pamoja lakini, aisee. Haichomoki kama zile ndogo zinazopotea kabla hujainua macho, inaondoka kwa uzito, moshi mnene mweupe, sauti unaisikia kifuani, na unaifuatilia kwa macho mpaka juu kabisa kama mita 200 hivi. Hapo ndo unaelewa kwa nini watu wanahangaika na makubwa.

Parachuti yao ya plastiki ya sentimita 60 ni ndogo, roketi inashuka kama mita 6 kwa sekunde na mapezi yanapokea kipigo, weka ya nailoni ya sentimita 90. Lastiki yao ya kuunganisha pua na mwili nayo itupe mapema, gesi ya moto inaila taratibu, funga kamba ya kevla, nyuzi zinazostahimili joto.

Nimeona wanaouliza kama wanaweza kuweka mota za kompoziti, zile zenye mafuta magumu ya aina nyingine badala ya baruti nyeusi, ili ipande zaidi. Kwa seti hii hapana. Kompoziti zinajivuta kuwaka na kila moja ina wakati wake, ya kwanza itakuwa imeshaiondoa roketi kwenye fimbo na viwashio vimechomoka wakati wenzake bado wanawaza. Baki na baruti nyeusi, na zote tatu zitoke pakiti moja.